Nilisema Karasinga Hali Mahindi

Ujumbe wenu nimeusoma mara mbili, nikiwa nimekaa nje ya nyumba yangu hapa Kapsoya, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Mnasema nyinyi ni vijana wa kutembeza wageni, kwamba kila Jumamosi mnapeleka watu msitu wa Kaptagat au mnawateremsha bondeni Kerio, na mnataka Mzee Wafula awaandikie machache ya kuwatia moyo. Halafu mwishoni kabisa, kwa upole wa mtu anayeomba chumvi huku mkono tayari uko jikoni, mkauliza: Mzee, ile siri yako ya kumtoa karasinga msituni kila siku ilikuwa gani?

Moyo wa kuwatia sina. Siri ninayo, na nitawapa yote. Msipoipenda msinilaumu, mliiomba wenyewe.

Lakini kwanza tuongee habari ya miguu, kwa sababu picha zenu huwa naziona kwenye simu ya binti yangu. Nani amewaruhusu kumteremsha mama wa watu ukingo wa Elgeyo akiwa na viatu vyeupe vya kwenda sherehe? Ule mteremko haumchoshi mtu wakati wa kupanda. Unamla magoti wakati wa kushuka, na siku mbili baadaye ndipo anajua ameliwa. Mwambie mgeni akate kucha za miguu kabla hajatoka nyumbani. Kabla ya kuanza kushuka mwinamie, mfungie kamba za viatu upya, uzikaze pale juu kwenye kifundo ili vidole visiende mbele. Usione haya kuinama. Nimewafungia viatu watu wakubwa wa nchi hii na hakuna aliyewahi kunidharau kwa hilo. Na wewe kiongozi usitembee mbele ukijigamba na fimbo. Kaa nyuma ya yule anayechoka. Huyo ndiye mwendo wa kundi.

Hayo nimeyajua kwa kuumia. Mimi nilitoka Bungoma kijana kutafuta kazi ya kiwanda hapa Eldoret, kiwanda hakikunichukua, nikaishia kuosha magari ya ofisi moja ya kutembeza wageni. Siku moja mwelekezi wao aliamka mgonjwa. Bosi akatoka nje, akaniangalia nikiwa na ndoo, akauliza, "Wafula, wewe unajua njia ya kushuka mpaka chini?" Nikasema naijua. Sikuijua hata kidogo. Nilikimbia nikanunua buti mpya, ngumu kama mbao, nikaenda. Tulipofika nusu ya mteremko nilikuwa nimepoteza kucha mbili, na tulipofika chini nilikuwa mgongoni mwa mgeni, daktari wa meno mwenye mwili mkubwa, ambaye aliniimbia nyimbo za kwaya njia nzima ili nisilie.

Chini kulikuwa na mzee mmoja Mkeiyo, mrina asali, amekaa kwenye jiwe. Aliona daktari akinitua. Akauliza kwa utulivu, "Sasa hapa nani ni mgeni?"

Huyo ndiye Mzee Cheboi. Nilimtafuta wiki iliyofuata, nikamwomba anifundishe, na kwa miaka mingi tulitembea pamoja, yeye bila cheo chochote ofisini na mimi nikiwa na beji kifuani. Kila kitu cha maana ninachojua kuhusu msitu ni chake. Yaliyoharibika ni yangu.

Alinifundisha kubeba majivu kwenye soksi kuukuu. Mkiwa bonde la chini ambako kuna ndovu, unaitingisha ile soksi kidogo, unaona vumbi linaelekea wapi, hapo umejua harufu yenu inaenda wapi. Nyinyi mna simu za kuwaambia upepo wa Eldoret mjini. Ndovu hayuko Eldoret mjini. Alinifundisha kutomwonyesha mnyama kwa kidole, maana mkono ukinyooka ghafla mnyama hukimbia kabla mgeni hajajua aangalie wapi. Unasema kwa sauti ya chini, "Mti mkavu, upande wa kulia, nusu ya urefu." Na alinikemea kila siku juu ya mwendo wangu. "Wewe Wafula, unatembea kama mtu anaitwa. Nani anakuita?"

Sasa karasinga. Nitaeleza kwa wale ambao hawajamwona, na naogopa ni nyinyi nyote. Ni tumbili mwenye ndevu ndefu nyeupe na kipaji cha uso cha rangi ya machungwa. Hukaa kando ya maji, katika misitu ya mito ambayo upande wetu imebaki vipande vipande kati ya mashamba. Nilikuwa najua familia moja tu, watano, kwenye mto mdogo upande wa Moiben. Dume mmoja mzee, majike wawili, wadogo wawili. Watu walitoka mbali kuja kumtafuta huyu mnyama, na wengi walirudi walikotoka bila kumwona.

Sababu ni tabia yake. Tumbili wengine wakishtuka hukimbia, mnaona matawi yakitikisika, mnapiga picha ya mkia. Karasinga hakimbii. Anaganda. Anainamisha kichwa, anaficha zile ndevu, anakunja mikono kifuani na kukaa vivyo hivyo hata masaa mengi, mpaka hatari ipite. Unaweza kusimama chini yake ukila mkate na usijue.

Dawa yake kwa Mzee Cheboi ilikuwa moja, kukaa. Tulifika kabla jua halijapasha majani, tukakaa kwenye mizizi ukingoni, na mgeni alikatazwa kukohoa. "Usitafute yeye," Mzee alikuwa anamnong'oneza mgeni. "Angalia maji tu. Akiona huna shida na yeye, atakunja mguu, atajikuna. Hapo ndiyo utamuona." Saa moja, mbili, tatu. Wakati mwingine karasinga alijikuna. Mara nyingi hakujikuna, tukarudi na makalio yaliyolowa na umande, na Mzee Cheboi alikuwa na uso wa furaha ileile.

Wageni hawakuwa na uso huo. Nimewahi kupeleka kundi la wafanyakazi wa ofisi fulani wa mjini, wamejipaka manukato hadi nyuki wakaanza kutufuata. Mmoja wao alikuwa mhubiri. Baada ya dakika ishirini za kukaa kimya alisimama, akainua mikono, akaomba kwa sauti kubwa Bwana awatoe hao tumbili mafichoni. Mvua ikanyesha. Tulikimbia mpaka kwa Mama Jerotich, ambaye shamba lake lilipakana na ule msitu ng'ambo ya pili, akatuweka wote jikoni kwake, akatumiminia mursik, maziwa lala, kutoka kwa kibuyu, akamwambia yule mhubiri, "Wewe umeomba vibaya. Ulitaka tumbili na mimi nilitaka mvua. Mimi niliomba mbele."

Mama Jerotich alikuwa hivyo. Mjane, mahindi ekari mbili, ng'ombe watatu, mdomo mkali na moyo mkubwa. Njia yetu ya kwenda mtoni ilipita kwenye ardhi yake kabla ya kuvuka, na hakuna siku alitufungia lango.

Nimefika kwenye siri yenyewe.

Kulikuwa na mwalimu mstaafu kutoka Kisumu, Mwalimu Akinyi, aliyehamia Eldoret kukaa na mtoto wake. Macho yake yalikuwa yanazima. Daktari alikuwa amemwambia wazi. Alitaka kumwona karasinga kwa sababu alifundisha watoto habari zake kutoka kwa kitabu miaka mingi na hajawahi kumwona. Alikuja mara ya kwanza, tukakaa, hakuna. Akaja tena, hakuna. Mara ya tatu Mzee Cheboi alikuwa ameenda kwa mizinga yake, nikawa peke yangu naye. Akaniambia kwenye gari, bila kulalamika, "Wafula, hii ni ya tatu. Ya nne sitakuona hata wewe."

Nilipita kwa Mama Jerotich, nikaomba mahindi mabichi matatu. Nikayapukusa ndani ya mkebe wa bati, nikaenda nikamwaga kidogo juu ya jiwe bapa ukingoni, tukakaa. Haikufika saa moja. Dume mzee alishuka kwa shina la mti mkono kwa mkono, akakaa kwenye jiwe mbele yetu, karibu kama lile dirisha na mimi hapa, akala. Ndevu zake zilikuwa zinatikisika. Mwalimu Akinyi alishika mkono wangu akaubana. "Ana uso wa mzee wa kanisa," alisema, akaanza kulia.

Siku hiyo siijutii. Nasema wazi, mniandike vibaya mkitaka, siijutii. Ninayojutia ni Alhamisi iliyofuata, nilipokuwa na wageni wenye macho mazima kabisa, na nikabeba mahindi tena.

Utamu uliniingia. Baada ya mwezi mmoja sikuhitaji hata kumwaga. Nilitikisa mkebe tu, kacha kacha kacha, na matawi yakafunguka, wote watano wakashuka, wadogo mbele. Wageni walipiga makofi. Makofi, msituni! Bosi akaandika kwenye karatasi za ofisi kwamba kwetu karasinga anaonekana kila siku. Waelekezi wa miji mingine waliniita Mfalme wa Tumbili, na mimi mpumbavu nilicheka nikifurahi. Nilinunua kofia. Niliacha kuwaambia wageni wanyamaze, kwa sababu hapakuwa na haja.

Mzee Cheboi aliona mara moja tu. Alikuja na sisi bila kujua, akakaa kwenye mzizi wake, nikatoa mkebe. Wakashuka. Mdogo mmoja akanivuta suruali. Wageni walikuwa wanacheka, lakini Mzee alisimama, akaondoka bila kuaga. Nilimkimbilia mpaka kwenye njia.

"Mzee, shida ni gani? Si wameona? Si hiyo ndiyo kazi?"

"Umefanya hawa kuku," akasema.

"Ni mahindi kidogo tu, Mzee."

"Mimi sitembei na wewe tena, Wafula. Si kwa hasira. Hakuna kitu naweza kukufundisha na hiyo mkebe yako iko hapo."

Akaenda. Nilikasirika, nikasema ni wivu wa mzee. Niliwaambia hata wengine ofisini kwamba Mzee Cheboi amepitwa na wakati. Maneno hayohayo mnayatumia nyinyi juu yetu, na siwezi kuwalaumu kwa sababu niliyatumia kabla yenu.

Msimu uliofuata, mahindi ya Mama Jerotich yalipoanza kushika maziwa, alinisimamisha langoni. Alikuwa anatabasamu. "Wafula, hao wazee wako wenye ndevu wamevuka mto wakaja kwa shamba. Waambie mimi sijaita wageni." Nikacheka naye, nikapita.

Mara ya pili hakuwa na tabasamu. Alishika magunzi sita mkononi, yametafunwa nusu nusu. Mstari wote wa kuelekea mtoni ulikuwa umevunjwa. Sasa alikuwa analala kwenye kibanda shambani na mbwa wake, na mchana alikuwa na ng'ombe wa kukamua. "Ni hao," alisema. "Nimewaona kwa macho yangu. Na ni wewe uliwafundisha hii kitu inaitwa mahindi."

Nikamwambia ni kima wa kawaida, alichanganya. Karasinga ni mnyama wa matunda na majani. Niliongea kama mtaalamu, na nilikuwa nimevaa ile kofia.

Mara ya tatu alinipeleka kwa naibu wa chifu. Mkutano ulikuwa kwenye uwanja mdogo kando ya duka, majirani wamekaa kwenye nyasi. Mama Jerotich alisimama akaeleza yote, mkebe na jiwe na magunzi. Alitaka mambo mawili tu: niache kuwalisha, na majirani wamsaidie kulinda zamu mpaka mavuno, kwa sababu mtu mmoja hawezi. Naibu wa chifu akanigeukia. "Mzee Wafula, wewe ndiye unajua hawa wanyama. Unasema nini?"

Ofisini tulikuwa na wageni wa wiki nne wameshajiandikisha. Nilisimama, nikavua kofia kwa heshima. Nikasema, kwa Kiswahili kizuri, kwamba mimi nimeishi na mnyama huyu miaka mingi, na karasinga hali mahindi.

Walimwamini mwenye beji. Jirani mmoja akasema kwa mzaha kwamba labda Mama anakula mahindi usiku na kusahau asubuhi, watu wakacheka. Nami nilicheka, si sana, lakini nilicheka. Mama Jerotich alijifunga leso upya kiunoni, akaondoka kurudi shambani peke yake. Hakuna jirani aliyeenda kulinda zamu hata siku moja.

Wiki mbili baadaye nilifika na wageni sita. Lango lilikuwa wazi. Tukashuka mtoni, tukavuka, nikawapanga vizuri, nikatoa mkebe nikatikisa. Kimya. Nikatikisa tena, kwa nguvu. Mgeni mmoja akaniangalia, nikampa tabasamu la kazini. Nilitikisa mpaka mkono ukauma.

Mama Jerotich alitokea nyuma yetu kwenye njia. Aliwasalimia wageni mmoja mmoja kwa mkono, akawauliza kama wamelala vizuri. Kisha akasema, "Wafula, kuja kidogo."

Alinipeleka nyuma ya kibanda chake. Kulikuwa na magunia mawili yamefunika kitu. Hakuyafunua, nilifunua mimi. Wote watano. Wadogo walikuwa wamewekwa katikati.

"Niliona vile unafanya," alisema. "Nilichukua mkebe ya majani ya chai nikaweka mahindi nikatikisa. Wakakuja. Mimi na shemeji yangu tulikuwa na rungu. Nilijua tukipiga mmoja wale wengine watatoroka, wataogopa, hawatarudi tena. Nilitaka kuogopesha tu, Wafula. Tulipiga mmoja." Akainamisha kichwa chake, akanionyesha. "Wengine hawakutoroka. Wakakaa. Wakainamisha kichwa hivi, wakashika mikono hivi. Shemeji alikuwa amepandwa na hasira, akaendelea. Mimi nikapiga kelele, kimbieni, kimbieni. Hakuna mmoja alikimbia."

Nikarudisha magunia juu yao. Naye akasema,

"Nilikuambia mara tatu."

Tulizika palepale, mimi nikichimba kwa jembe lake huku wageni wangu wakisubiri ng'ambo. Kuua mnyama yule ni jela, nilijua, naye alijua. Hatukuapa wala kukubaliana. Nilijua tu kwamba mtu wa kufungwa hapo hakuwa yeye, na kwamba kama ningefungua mdomo ningemfunga yeye. Kwa hivyo nilifunga mdomo, na mpaka leo sijui kama nilifanya hivyo kwa kumlinda au kwa kujilinda. Nafikiri mnaweza kukisia.

Nikanawa mikono mtoni, nikarudi kwa wageni. Niliwaambia mvua ya milimani imewasukuma karasinga juu kidogo, watarudi. Niliwaonyesha vipepeo. Waliridhika. Mmoja aliandika barua nzuri ofisini.

Na niliendelea kuwaleta. Misimu miwili mizima, vijana wangu. Niliwakalisha watu kwenye ile mizizi, nikawaambia wanyamaze, wawe na subira, wasikohoe, nikijua hakuna kitu juu ya ile miti ila ndege. "Leo hatuna bahati," nilikuwa nasema. Bosi alipoona malalamiko yamezidi alifuta karasinga kwenye karatasi zake akaweka maporomoko ya maji. Mimi nikaomba kuacha kazi, wakanifanyia sherehe ndogo, wakanipa saa ya ukutani na wakasema nimelipenda pori.

Kabla ya kuandika haya nilienda kumwona Mama Jerotich, nikamwomba ruhusa. Shemeji yake alishafariki. Yeye amezeeka, hasikii vizuri, nikalazimika kusema kwa sauti jambo ambalo hatujalisema tangu siku ile. Akafikiri. "Andika," akasema. "Lakini uandike nilikuambia mara tatu." Nimeandika.

Hiyo ndiyo siri mliyoitaka. Mkebe wa bati na mahindi mabichi. Na msinijibu kwamba nyinyi hamlishi wanyama, kwa sababu nimeona video zenu Kaptagat. Mnaweka sauti ya ndege kwenye kispika, mnakificha kwenye kichaka, ndege maskini anaacha mayai yake anakuja kupigana na adui ambaye hayupo, na wageni wanapiga makofi. Mnaona ni tofauti kwa sababu kispika hakina mahindi. Siku mtakapoitwa mbele ya watu mkaulizwa, mtasema ndege haachi mayai, na mtaaminiwa kwa sababu mna beji. Zimeni hiyo kitu. Kaeni chini. Mgeni asipoona, arudi nyumbani bila kuona, hajafa mtu.

Mngependa nimalizie hapo, najua. Bado kuna jambo moja, na hili hata Mama Jerotich halijui.

Mwaka ule nilioacha kazi, Mzee Cheboi alinipigia simu. Hatukuwa tumeongea tangu siku ya mkebe. Alikuwa amesikia kwamba siku hizi karasinga hawaonekani, kwamba wageni wanakaa masaa na kurudi bure. Sauti yake ilikuwa ya furaha. Aliniuliza kama ni kweli nimetupa mkebe, nikasema ni kweli. Akasema twende mtoni, sisi wawili tu, bila wageni.

Nilienda. Ningewezaje kukataa? Alikuwa amekonda, anatembea na fimbo mbili, nikamshika mkono kwenye mteremko mpaka tukafika kwenye mzizi wake. Tukakaa. Jua likapanda, likapasha majani, umande ukakauka. Mzee alikuwa anaangalia maji, ametulia kabisa, anasubiri. Kila jani lilipocheza nilimwona akitega sikio. Mara tatu nilifungua mdomo nimwambie, na mara tatu niliangalia uso wake nikashindwa.

Ilipofika karibu saa sita alicheka kidogo peke yake.

"Wamekataa kabisa," akanong'ona. "Wako hapo juu, wanatuona, wamekataa. Unajua hiyo inamaanisha nini, Wafula? Wamesahau mahindi. Wamerudi kuwa wanyama."

Nikaangalia maji.

Aliweka mkono wake juu ya goti langu. Katika miaka yote niliyotembea naye hakuwahi kunisifu hata mara moja, si njiani wala mbele ya wageni. "Nilikuonea," alisema. "Nilidhani wewe huwezi kujifunza. Sasa umekuwa mwelekezi."

Nikasema, "Asante, Mzee," na tukaendelea kukaa, kwa sababu alitaka tuwape saa moja zaidi.